Mwalimu Nasambu na Galaksi Zilizoacha Kuzaa Nyota

Simu ilimkuta Phelista ameinama juu ya gunia la maharagwe katika soko la Bungoma, gorogoro mkononi, akimpimia mama mmoja mzee aliyekuwa akilalamika kwamba kipimo hakijai. Alipoona jina la Ciru, jirani wa mdogo wake kule Kibomet, Kitale, alijua kuna jambo. Ciru alikuwa mtu wa kutuma ujumbe. Hakuwa mtu wa kupiga.

"Mama Wanjala, umeketi?"

"Nina mteja, Ciru. Sema."

"Keti kwanza, mama."

Phelista hakuketi. Alisikia Ciru akivuta pumzi, na nyuma yake sauti za wanawake wengine.

"Mwalimu ametuacha. Alianguka jikoni asubuhi akijitayarisha kwenda shule. Tulimkimbiza hospitali. Daktari anasema ni mshipa wa damu kichwani. Hakuteseka, mama. Haki ya Mungu, hakuteseka."

Phelista alimalizia kujaza ile gorogoro, akaongeza konzi moja juu, akamwagia yule mama katika mfuko wake. Kisha akakaa chini katikati ya magunia. Wanawake wa meza za jirani walimfunika leso, mmoja akaanza kuomba kwa sauti kubwa, na mama mzee wa maharagwe akapiga magoti pamoja nao ingawa hakujua anamwombea nani.

Aliyefariki ni Nasambu, mdogo wake wa pekee. Wazazi wao walikuwa wamebaki na wasichana wawili tu, mmoja wa kwanza na mmoja wa mwisho, na waliokuwa katikati hawakukaa. Phelista alimaliza kidato cha nne akaolewa, akaingia sokoni. Nasambu aliendelea. Alisomea ualimu, akapelekwa kufundisha fizikia katika shule moja ya wasichana Kitale, na huko alikaa mpaka wasichana wakampa jina lake: Mwalimu Zimataa. Kila jioni isiyo na mawingu alikuwa akiwatoa nje baada ya chakula, anamwomba mlinzi azime taa za uwanja, anawaambia watazame juu wanyamaze. Mkuu wa shule alilalamika. Wazazi wakalalamika kwamba watoto wanaumwa na mbu. Nasambu aliwasikiliza wote kwa heshima, na jioni iliyofuata taa zikazimwa tena.

Hakuwa mtu wa maneno makali. Kanisani aliimba sauti ya pili, na sadaka yake aliifunga katika karatasi ili isisikike ikianguka. Hakuwa na mume wala mtoto, na kwa miaka mingi watu wa nyumbani walilizungumza jambo hilo kama watu wanavyozungumza mvua iliyokataa kunyesha.

Akiwa mtu mzima, wenzake wakihesabu miaka ya kustaafu, alirudi chuo kikuu wakati wa likizo kusomea shahada ya pili. Kitu alichochagua kusoma kilimshangaza kila mtu. Alisoma galaksi hafifu, zile zilizotawanyika sana, na hasa kwa nini zinaacha kutengeneza nyota.

Phelista alielezwa habari hizo nyumbani kwake Bungoma, msimu wa mavuno, wakipepeta mahindi juu ya turubai.

"Galaksi ni nini kwanza?" aliuliza.

"Ni mji wa nyota, dada. Jua letu ni nyumba moja tu katika mji wenye nyumba mabilioni. Sasa kuna miji mingine mipana kama wetu, lakini nyumba zake ni chache, moja hapa, nyingine ng'ambo ya bonde. Ukiipiga picha, mwanga wake ni mdogo hivi kwamba unaweza kuipita bila kujua kuna mji."

"Kama Bungoma stima ikipotea."

Nasambu alicheka mpaka akaweka karai chini. "Ndiyo hiyo. Na nyota hazitoki hewani. Zinatengenezwa kwa gesi, gesi iliyopoa, ikajikusanya, ikajibana. Gesi ndiyo unga. Hakuna unga, hakuna ugali."

"Sasa unga wao unakwenda wapi?"

Nasambu alinyanyua karai lake juu ya kichwa, akamimina mahindi polepole. Upepo ulikuwa unatoka upande wa mlima Elgon. Punje zilianguka pale pale miguuni pake, na makapi yakaruka, yakavuka ua, yakaingia kwa jirani.

"Umeona? Galaksi nyingi zinaishi kwa makundi, mamia kwa mamia, na katikati yao kumejaa gesi nyembamba, moto kupita kiasi. Galaksi ndogo ikivutwa kuingia mle, inaingia kwa kasi, na ile gesi moto inakuwa upepo usoni mwake. Nyota ni nzito kama punje. Upepo hauziwezi. Lakini gesi yake inapeperushwa, inabaki nyuma kama mkia."

"Ngoja, Nasambu. Makapi ni takataka. Na wewe umesema gesi ndiyo unga."

"Hapo ndipo mfano wangu unapoishia. Huku kwetu upepo unachukua kisichofaa. Kule unachukua kilichokuwa cha maana."

"Basi huo si upepo. Huo ni mwizi."

"Andika hivyo, dada, wakupe shahada badala yangu."

Kisha alimweleza mengine. Galaksi hizi zina uzito mdogo, kwa hiyo haziwezi kushika vitu vyao kwa nguvu. Wakati mwingine haihitajiki hata upepo wa nje: nyota zake kubwa zenyewe, zinapolipuka, zinaitawanya gesi, zinaisukuma nje na kuitanua galaksi nzima mpaka inakuwa pana na nyembamba. Wakati mwingine gesi mpya inakatika tu, na galaksi inatumia iliyobaki mpaka inaisha. Wataalamu walikuwa bado wanabishana ni njia gani inafanya kazi zaidi na wapi.

"Na zile nyota zilizokuwa zimeshazaliwa?" Phelista aliuliza.

"Hizo zinaendelea kuwaka. Kubwa za samawati zinaisha mapema, kwa sababu zinakula haraka. Ndogo za rangi ya makaa zinabaki, nazo zina maisha marefu kuliko tunavyoweza kuhesabu. Ndiyo maana tunajua kwa rangi. Tukiiona galaksi imekuwa nyekundu nyekundu, bila samawati hata kidogo, tunajua ina muda mrefu haijazaa."

Phelista aliinama kuokota mahindi yaliyoruka nje ya turubai ili mdogo wake asione uso wake. Alimwambia tu, "Chai iko tayari."

Alipokuwa akisafiri kwenda Kitale kushughulikia mambo ya hospitali, maneno hayo yalimrudia. Lakini kabla ya safari hiyo kulikuwa na jambo la nyumbani, na jambo hilo lilikuwa na mwenyewe: Mzee Wangila, ndugu mdogo wa baba yao, aliyebaki mkubwa wa boma tangu baba alipofariki. Mzee Wangila alikuwa mtu mwema. Ndiye aliyemfundisha Nasambu kuendesha baisikeli. Lakini alikuwa mtu wa mila, na mila ya ukoo wao ilikuwa wazi. Binti mtu mzima akifa bila kuolewa na bila kuzaa, halazwi mbele ya nyumba pamoja na wazazi. Analazwa nyuma, kando ya ua. Anazikwa asubuhi mapema, na hausomwi wasifu wake.

"Kesho kutwa saa mbili asubuhi tuwe tumemaliza," mzee alisema katika mkutano wa kwanza wa mazishi, akizungusha fimbo yake mkononi. "Si chuki, mwanangu. Mimi sikuitunga mila."

"Baba mdogo, Nasambu amesomesha wasichana wa nchi nzima. Tumpeleke kando ya ua kama mtu aliyepita njia?"

"Phelista. Nimesema."

Vijana walipewa majembe siku hiyo hiyo.

Hilo ndilo lililomkaa Phelista kifuani kuliko hata kifo chenyewe. Kifo aliweza kumwachia Mungu. Shimo lililokuwa likichimbwa nyuma ya nyumba, karibu na mahali pa kutupa majivu, hilo halikuwa la Mungu. Lilikuwa la watu, na la watu huongewa na watu. Aliomba njia nzima mpaka Kitale, na ombi lake halikuwa refu: "Bwana, nionyeshe pa kushika."

Katika nyumba ya Nasambu kule Kibomet alikuta kila kitu kimepangwa kama mwenyewe atarudi saa kumi. Ciru alikuja na chai katika chupa, wakaketi kitandani kuchagua gauni.

"Hili la bluu," Ciru alisema, akilishika kwa vidole viwili. "Hili ndilo alikuwa anavaa akienda Kachibora."

"Kachibora? Kufanya nini?"

"Si kila Agosti alikuwa anaenda?"

"Agosti alituambia ana semina ya walimu."

Ciru alicheka kidogo, akajizuia. "Semina gani, mama? Alikuwa anaenda kwa shosho mmoja huko, mama mzee anaitwa Rahab. Anabeba miche ya maua kwa boksi. Mimi mwenyewe nilikuwa namsaidia kuifunga. Nilidhani mnajua."

Phelista alikunja gauni mara moja, akalikunjua. Alikuwa amekumbuka siku nyingine, katika chumba hicho hicho, Nasambu akimwonyesha doa moja la mwanga kwenye kompyuta yake. Lilikuwa doa jekundu hafifu, kama pahali palipomwagika chai pakafutwa, na pembeni yake hakukuwa na kitu.

"Hii imenisumbua mwaka mzima," Nasambu alikuwa amesema. "Iko peke yake. Galaksi ndogo iliyo peke yake kwa kawaida inakuwa bado na gesi yake, maana hakuna wa kuisumbua. Inaendelea kuzaa nyota polepole. Hii haizai. Kila mtu anauliza ina kasoro gani."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi na wengine tunasema hilo swali si lake. Uliza imepita wapi. Angalia inaelekea wapi na kwa kasi gani, urudi nyuma kwa mahesabu. Unaweza kukuta zamani sana ilipita katikati ya kundi kubwa, ikanyang'anywa gesi yote, ikatokea upande wa pili. Leo iko mbali, peke yake. Anayeiona sasa anafikiri ilikuwa hivyo tangu mwanzo."

Phelista aliliweka lile gauni la bluu katika mfuko, akamgeukia Ciru. "Huyo shosho anakaa sehemu gani ya Kachibora?"

Alimkuta Rahab akikamua ng'ombe. Alikuwa mwanamke mzee, mfupi, kilemba kimekazwa mpaka nyusi, na hakuinuka mpaka titi la mwisho likakauka. Binti yake Tabby alileta kiti.

"Mimi ni Phelista, dada ya Nasambu."

Rahab alitazama uso wake, kisha mikono yake, kisha leso nyeusi aliyojifunga. Ndoo ilimponyoka. Tabby aliikamata kabla maziwa hayajamwagika yote.

"Lini?" Rahab aliuliza.

"Jumatatu."

Rahab alilia kimya, akijifuta kwa mkono uliolowa maziwa. Baadaye akamshika Phelista mkono, akampeleka nyuma ya zizi, mahali palipokuwa na ua wa miti ya msonobari. Palikuwa na kaburi dogo sana, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na maua meupe yamejaa mpaka mawe hayaonekani vizuri.

"Huyu ni wajina wangu," alisema. "Mtoto wa Nasambu na mwanangu Wachira."

Akaeleza. Nasambu alikuwa msichana, ametoka tu chuoni, akifundisha kwa muda pale Kachibora. Akapendana na Wachira, wakaishi pamoja bila baba yake Nasambu kujua, kwa sababu baba yake alikuwa mzee wa kanisa na asingekubali. Boma la Rahab wakati huo lilikuwa kubwa, wana na wakwe na wajukuu, kelele asubuhi hadi jioni, na Nasambu aliingia humo akapokewa. Mtoto alizaliwa, akaishi siku chache. Uzazi wenyewe ulikuwa mgumu, na ili kumwokoa mama ilibidi watoe kizazi. Baada ya hapo Wachira alianza kusikiliza maneno ya marafiki. Nasambu hakungoja kuambiwa. Alikunja nguo zake, akamuaga kila mtu pale nyumbani kwa mkono, akaenda Kitale.

"Mwanangu alioa mwingine, yuko Nyahururu," Rahab alisema. "Lakini kila Agosti huyu alikuja kwangu. Si kwa Wachira. Kwangu, na kwa huyu mdogo. Tunapalilia, tunakunywa chai, anarudi."

"Kwa nini hukutuambia, mama? Hata siku moja?"

"Alinifunga mdomo mpaka baba yake afe. Baba yake akafa. Nikamwuliza, sasa je? Akaniambia, mama, sasa imekuwa mazoea."

Phelista alisikia kicheko na kilio vikipanda pamoja. Maneno hayo yalikuwa ya Nasambu kabisa.

Kisha alimweleza Rahab habari ya lile shimo kando ya ua. Rahab alisikiliza mpaka mwisho. Alipinda mgongo akang'oa magugu mawili juu ya kaburi.

"Tabby," aliita, "niletee viatu vyangu vya kanisa."

Siku iliyotangulia mazishi, saa tisa alasiri, boma la baba yao, ukishapita Kanduyi, lilikuwa limejaa. Hema limesimamishwa, wanawake wanakata kabeji, na nyuma ya nyumba vijana wanatupa udongo. Phelista aliomba wazee waketi. Mzee Wangila aliketi kwa shingo upande, fimbo kati ya magoti.

"Nimerudi na neno, baba mdogo."

"Lile lile?"

"Lile lile. Nasambu alisoma miaka akitafuta kwa nini miji fulani ya nyota inaacha kuzaa. Akakuta haiachi kwa laana. Inapita mahali pagumu, inanyang'anywa. Na ikishanyang'anywa bado inawaka, bado Mungu anaijua. Hakuna mtaalamu anayeifuta kwenye ramani ati kwa sababu haizai."

Wazee walitazamana. Mzee Wangila alisugua goti.

"Nyota waachie walioko juu, mwanangu. Sisi tuko shambani."

Watu walicheka, hata wakata kabeji. Phelista naye alitabasamu. Hakuwa na hofu hata kidogo.

"Basi tuongee shamba," alisema. "Huyu hapa ni Mama Rahab, ametoka Kachibora. Msikilizeni."

Rahab alisimama, mfupi, viatu vimeng'aa, na akayaeleza yote kwa Kiswahili cha polepole: nyumba, mtoto, kaburi la nyuma ya zizi. Hakulia.

Mzee Wangila aliinua kichwa. "Mama, nikuulize. Huyo mtoto alilia?"

Wote walijua uzito wa swali hilo. Mtoto aliyelia ni mtu. Aliyemzaa mtu ni mama.

"Alilia," Rahab alisema. "Alilia hivi kwamba mwanamke wa kitanda cha pili alisema huyu ataongoza kwaya."

"Alipewa jina?"

"Alipewa langu. Kwetu binti wa kwanza anaitwa jina la mama wa bwana. Kwa hiyo mimi nina wajina aliyetoka tumboni mwa huyu mnayetaka kumlaza kwa majivu. Nimekuja kumzika mama wa wajina wangu, na sitaki kumzikia kando ya ua."

Mzee alichora mchangani kwa ncha ya fimbo. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imepungua. "Sasa mnaniambia nini? Kaburi limeshafunguliwa. Ukoo huu haufungui makaburi mawili kwa maiti mmoja. Hilo litakalobaki tupu litamwita nani?"

"Mzee, na tumeshafika kiunoni, bana!" mmoja wa vijana alisema kutoka nyuma. "Migongo yetu je?"

"Nyamaza wewe."

Phelista hakungoja. "Baba mdogo, unajua dawa yake kuliko mimi. Nilikuwa msichana babu Wakoli alipochimbiwa kaburi mara mbili, lakini nakumbuka kilichozikwa katika lile la kwanza."

Mzee Wangila alimtazama. Kisha akaegemea fimbo, akainuka, akaingia kwenye migomba mwenyewe. Walisikia panga. Alirudi akiburuta shina la mgomba refu kama mtu, jasho likimtoka, na hakukubali kusaidiwa. Vijana walilishusha katika shimo la nyuma ya nyumba, wakalilaza vizuri, wakalifukia mpaka juu kama wanavyofukia mtu. Kaburi lililofunguliwa halirudi tupu. Mzee alisimama hapo mpaka udongo ukalingana, akasema maneno machache kwa Kibukusu, akageuka.

"Chimbeni mbele," aliwaambia. "Kushoto kwa mama yake. Na muanze sasa, kabla jua halijashuka."

Alipompita Phelista alisimama. "Kwa nini hakuniambia? Mimi?"

"Hakumwambia mtu, baba mdogo."

"Ningeenda Kachibora. Ningemrudisha mimi mwenyewe."

"Najua. Lakini nikuambie ukweli. Hata kama yule mtoto asingekuwepo, ningesimama pale pale na kusema yale yale."

"Najua," mzee alisema. "Ungesema mpaka tuchoke."

Nasambu alizikwa siku iliyofuata, mchana. Gari lilimleta kutoka Kitale, na nyuma yake basi la shule, wasichana waliovaa sare, na wengine waliokuwa wanawake wazima wakiwa wamebeba watoto wao. Ciru alikuja na majirani wa Kibomet. Jeneza liliwekwa chini ya hema, mbele ya nyumba.

Mchungaji aliomba, kwaya ya kanisa lake ikaimba, na nafasi ya Nasambu katika safu ya sauti ya pili ikaachwa wazi. Kisha Phelista akasoma wasifu wake. Alisema dada yake alizaliwa Bungoma, alisoma, alifundisha, alimpenda Mungu. Alisema alikuwa mama wa Rahab, aliyelala Kachibora. Alieleza kwa maneno rahisi kazi aliyoisomea: kwamba ziko galaksi pana, hafifu, ambazo zimepoteza gesi yao, nyingine kwa upepo wa makundi makubwa, nyingine kwa milipuko ya nyota zao zenyewe, nyingine kwa kukosa gesi mpya, na kwamba zile zinazoonekana peke yao huenda zilipita mahali ambapo sisi hatukuwepo. Wasichana wa shule walikuwa wakitikisa vichwa kukubali, kwa maana walikuwa wameyasikia kabla. Mzee Wangila alikaa mbele, kofia mkononi.

Walimbeba mpaka kaburini wanaume sita wa ukoo. Jeneza lilishushwa kwa kamba, likakwama kidogo upande wa miguu, likanyooshwa, likafika chini. Mchungaji alisema maneno ya mavumbi. Phelista alitupa udongo wa kwanza, kisha mzee Wangila, kisha Rahab, aliyeshikwa mkono na Tabby. Baada yao walitupa wote waliotaka, na walikuwa wengi, ikachukua muda. Vijana walifukia, wakapiga udongo kwa migongo ya majembe, wakasimamisha msalaba wa mbao wenye jina lake. Mashada yaliwekwa juu. Mchungaji alifunga kwa sala, watu wakasema amina, wakaenda kunawa mikono.